Luigi Broglio: Mwitaliano aliyeifanya bahari ya Kenya kuwa lango la anga za juu

Jua likishatua nyuma ya vilima vya Itumbe, kaunti ya Kisii, mianga ya kwanza kujitokeza angani aghalabu huwa si nyota. Ule mkubwa, mweupe, unaong'aa upande wa magharibi hata kabla ya giza kutanda, mara nyingi huwa sayari ya Zuhura. Mwingine wa rangi ya maziwa uliotulia juu zaidi huenda ukawa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua.

Kisha hutokea mwanga wa tatu usiotulia. Huanza kama nukta upande mmoja wa mbingu, ukapanda taratibu bila mlio wala kumetameta, ukavuka juu ya migomba na mashamba ya majani chai, na pengine ukazimika kabla ya kufika upeo wa pili. Huo si sayari wala kimondo. Ni setilaiti, chombo kilichoundwa na binadamu.

Si wengi wautazamao mwanga wa aina hiyo wanaojua kwamba kati ya mwaka wa 1967 na 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa katika bahari ya Kenya. Wala si wengi wanaojua kwamba njia za setilaiti hizo zilifuata mstari wa ikweta kwa karibu mno, hivi kwamba zilikuwa zikipita juu ya nyanda za Gusii mara kadhaa kwa siku.

Aliyebuni mpango huo ni Profesa Luigi Broglio, mhandisi na mwanajeshi wa Italia aliyefariki mwaka wa 2001. Kituo cha anga kilichoko Ngomeni, takriban kilomita 30 kaskazini mwa mji wa Malindi, kinaitwa kwa jina lake.

Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911, katika mji wa Mestre karibu na Venice, lakini alikulia Rome. Alihitimu shahada ya uhandisi mwaka wa 1934 katika Chuo Kikuu cha Rome, kijulikanacho kama La Sapienza, kisha akajiunga na wahandisi wa jeshi la wanahewa la Italia. Tangu hapo maisha yake yote yaligawanyika baina ya sare ya kijeshi na ubao wa darasani.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viliiacha Italia ikiwa imeshindwa na kufilisika. Viwanda vyake vya ndege viliharibiwa, na mataifa yaliyotawala utafiti wa roketi yalikuwa Marekani na Muungano wa Kisovieti. Ni katika mazingira hayo ya ufukara ambapo Broglio, mwaka wa 1952, alikabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa ndege ya chuo alichosomea, akimrithi mwalimu mashuhuri Gaetano Arturo Crocco.

Mwaka wa 1956 alihusika pakubwa katika kuanzishwa kwa uwanja wa kufanyia majaribio ya roketi wa Salto di Quirra, katika kisiwa cha Sardinia. Uwanja huo ulimpa mahali pa kuwafunza vijana wake kazi ambayo haingeweza kufundishwa kwa vitabu pekee.

Mwaka uliofuata, Oktoba 4, 1957, Wasovieti walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani. Watu katika mabara mengi walitoka nje nyakati za jioni na alfajiri kuitafuta. Ukweli ni kwamba Sputnik yenyewe ilikuwa tufe dogo lenye upana wa sentimita 58 tu, na wengi walichokiona kwa macho kilikuwa kipande kikubwa cha roketi kilichokuwa kikiizunguka dunia pamoja nayo.

Kwa Broglio, jambo lililohitaji jibu halikuwa kuonekana kwa chombo hicho bali kudumu kwake. Ilijulikana kwamba hewa haikomi ghafla kilomita mia moja au mia mbili kutoka ardhini. Huendelea kupungua polepole, na hiyo kidogo inayosalia huivuta setilaiti kama matope yavutavyo gurudumu, hadi ikapoteza kasi, ikashuka na kuteketea. Hata hivyo, hakuna aliyejua kwa uhakika uzito wa hewa hiyo nyembamba.

Akabuni chombo cha kuipima, kilichokuja kujulikana kama mizani ya Broglio. Kilikuwa na gamba jepesi la nje lenye umbo la tufe, lililounganishwa kwa mikono inayonyumbuka na kiini kizito kilichokuwa ndani. Gamba lilipokutana na hewa lilisukumwa nyuma kidogo, ilhali kiini kiliendelea na safari yake. Tofauti hiyo ndogo ya mwendo, ikipimwa na kutumwa ardhini kwa redio, ilitosha kueleza jinsi hewa ilivyokuwa mahali hapo.

Ilibaki kupata njia ya kukipeleka chombo hicho juu. Mwaka wa 1961 Broglio, akisaidiwa na mwanafizikia Edoardo Amaldi, aliishawishi serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani kuukubali mradi alioupa jina San Marco. Mwaka wa 1962 Italia ilitia saini makubaliano na Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA.

Chini ya makubaliano hayo, Wamarekani walitoa roketi aina ya Scout na kuwafunza mafundi wa Kiitaliano. Waitaliano nao walitakiwa kuunda setilaiti, kujenga majukwaa ya kurushia na kufanya kazi yote ya urushaji kwa mikono yao. Sharti hilo la mwisho ndilo lililokuwa moyo wa mpango wa Broglio. Hakutaka nchi yake iwe abiria katika roketi ya mwenyewe.

Hatua ya kuchagua mahali ndiyo iliyomleta Kenya. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na mahali penye kasi kubwa kuliko pote ni kwenye ikweta, ambako ardhi husafiri kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo hupata msukumo huo bure. Kwa roketi ndogo kama Scout, msaada huo haukuwa wa kudharauliwa.

Italia haina ardhi kwenye ikweta. Jibu la Broglio lilikuwa kwamba haihitaji ardhi, kwa kuwa inaweza kutumia bahari. Ghuba ya Ungwana, nje kidogo ya kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, iko karibu digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Mbele yake imetanda Bahari ya Hindi, ambamo vipande vya roketi vingeweza kuanguka bila kudhuru makao ya watu. Bandari ya Mombasa haikuwa mbali, nayo Malindi ilikuwa na uwanja wa ndege.

Mipango hiyo ilikamilishwa wakati Kenya yenyewe ilikuwa ikizaliwa. Uhuru ulipatikana Desemba 12, 1963, na miezi michache baadaye, mnamo Machi 1964, roketi ndogo za uchunguzi zilikuwa tayari zinarushwa kutoka jukwaa lililoitwa Santa Rita. Jukwaa hilo lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya kuchimbia mafuta baharini, kabla ya kugeuzwa na kukokotwa hadi pwani ya Kenya. La pili, lililoitwa San Marco, lilisimamishwa karibu nalo ili libebe roketi kubwa, huku waongozaji wakikaa Santa Rita.

Kabla ya kujaribu kazi kubwa Ngomeni, Broglio aliwapeleka vijana wake katika kituo cha Wallops nchini Marekani. Desemba 15, 1964, siku tatu baada ya Kenya kuwa jamhuri, kikosi hicho kilirusha San Marco 1. Uingereza na Kanada zilikuwa tayari na setilaiti, lakini za kwao zilirushwa na Wamarekani. Italia ikawa nchi ya tatu, baada ya zile mbili kuu, kuwa na setilaiti iliyoundwa na kurushwa na wananchi wake wenyewe, ingawa kwa roketi ya Marekani.

Zamu ya Kenya ilifika Aprili 26, 1967. Roketi ya Scout iliruka kutoka Ghuba ya Ungwana ikiwa imebeba San Marco 2, ambayo ilikuwa na mizani ya Broglio ndani yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti kurushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini. Ilifanya kazi kwa miezi kadhaa, kisha Oktoba 14 mwaka huo ikaanguka na kuteketea, ikiwa imeangushwa na hewa ile ile iliyotumwa kuipima.

Ufanisi huo uliwafanya Wamarekani, waliokuwa walimu, wageuke wateja. NASA ilikuwa na setilaiti iliyotaka kuiweka juu ya ikweta kwa sababu nyingine kabisa. Ilikuwa imeundwa kutafuta miale ya eksirei inayotoka mbali angani, na mitambo yake ingesumbuliwa na chembechembe za mionzi zinazozizunguka sehemu nyingine za dunia. Njia inayofuata ikweta kwa urefu wa kilomita zipatazo 500 iliepuka sehemu kubwa ya usumbufu huo.

Setilaiti hiyo ilirushwa na kikosi cha Broglio Desemba 12, 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala. Marjorie Townsend, mhandisi aliyesimamia mradi huo katika NASA, aliipa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya nchi mwenyeji. Ilikuwa setilaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na kikosi cha taifa jingine.

Kazi iliyofanywa na Uhuru ilibadilisha elimu ya anga. Miale ya eksirei kutoka angani haifiki ardhini kwa kuwa huzuiwa na hewa, na kabla ya mwaka huo vyanzo vilivyojulikana vilikuwa makumi machache tu. Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339. Kimojawapo, kilichoko katika kundinyota la Cygnus, kilionekana kubadilika kwa haraka mno, na uchunguzi uliofuata ukawafanya wanasayansi waamini kwamba hapo pana shimo jeusi, gimba lenye mvuto mkali kiasi kwamba hata nuru haiwezi kutoka.

Mtu aliye Itumbe anaweza kuliona kundinyota hilo upande wa kaskazini jioni za mwezi wa Septemba, ingawa shimo lenyewe halionekani kwa jicho lolote. Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2002 kwa mchango wake katika elimu hiyo. Broglio hakuishi kuliona tukio hilo.

Uhuru iliizunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi, bila kupotoka zaidi ya digrii tatu kutoka ikweta. Itumbe iko karibu digrii moja kusini mwa mstari huo. Kwa hivyo kila ilipopita Kenya, ilipita juu kabisa katika anga ya Gusii, ikitoka magharibi kuelekea mashariki. Hata hivyo, ilikuwa ndogo mno kwa mtu kuitambua kwa urahisi bila chombo cha kukuzia, na iliteketea ilipoirudia angahewa mwaka wa 1979.

Setilaiti zinazoonekana vizuri leo ni zile kubwa, kikiwemo Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho husafiri kilomita zipatazo 400 kutoka ardhini na wakati mwingine hung'aa kushinda nyota zote. Anayetaka kukitofautisha na sayari hahitaji darubini. Sayari haionekani kusogea mtu akiitazama kwa dakika moja au mbili, ilhali kituo hicho huvuka mbingu nzima kwa dakika zisizozidi sita au saba. Ndege nayo huwa na taa zinazowaka na kuzima, na aghalabu huacha mlio.

Setilaiti haina taa inayoonekana kutoka ardhini. Kinachoonekana ni nuru ya jua inayoipiga ikiwa juu, wakati walio chini tayari wako gizani. Ndiyo sababu zile za chini huonekana zaidi katika saa moja au mbili baada ya machweo au kabla ya macheo, na ndiyo sababu nyingine huzimika katikati ya mbingu. Huwa zimeingia katika kivuli cha dunia.

Sayari nazo zina dalili zake. Zuhura haiendi mbali na jua, kwa hivyo huonekana magharibi jioni au mashariki alfajiri, kamwe si usiku wa manane nchini Kenya. Mshtarii inaweza kuonekana saa yoyote ya usiku. Mirihi ina wekundu, Zohali ina umanjano uliofifia, na zote hufuata takriban njia ile ile ambayo jua hupitia mchana. Kwa watu wa ikweta njia hiyo hupita juu ya vichwa, jambo ambalo wakazi wa Ulaya hawalipati.

Baada ya Uhuru, kazi Ngomeni ilishika kasi. San Marco 3 ilirushwa Aprili 1971, na mwezi wa Novemba mwaka huo ikafuata setilaiti nyingine ya Marekani. Novemba 1972 ilikuwa zamu ya SAS-2, iliyochunguza miale ya gama. Mwaka wa 1974 zilirushwa San Marco 4 na Ariel 5 ya Uingereza, na Mei 1975 ikaruka SAS-3. Kisha kukawa na kimya cha karibu miaka 13, hadi Machi 25, 1988, iliporushwa San Marco ya tano.

Zote tisa zilifika zilikokusudiwa. Kwa kikosi kidogo kilichofanya kazi juu ya majukwaa ya chuma yanayoliwa na chumvi ya bahari, hiyo ni sifa ambayo vituo vikubwa zaidi haviwezi kujivunia.

Lakini setilaiti ya mwaka wa 1988 ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Roketi za Scout zilikuwa zikielekea kuachwa, na setilaiti zilikuwa zimekuwa nzito kuzidi uwezo wake. Broglio alitaka Italia iunde Scout yenye nguvu zaidi ili Ngomeni iendelee kurusha, ila mpango wake haukufua dafu. Italia ilielekeza fedha zake katika miradi ya pamoja ya Ulaya, ambayo roketi zake hurushwa kutoka Guiana ya Ufaransa, Amerika Kusini. Tangu mwaka huo hakuna setilaiti iliyoruka kutoka bahari ya Kenya.

Hapo ndipo sifa za Broglio zinapokutana na lawama ambazo hazikumhusu yeye peke yake. Kwa miongo miwili Kenya ilitoa mahali, na mahali hapo ndipo palipokuwa na thamani. Wakenya waliajiriwa kituoni, lakini elimu ya kuunda setilaiti, kuiongoza na kuzisoma takwimu zake ilibaki Rome na Marekani. Swali la iwapo nchi ilipata haki yake katika mpango huo limeulizwa hadharani mara nyingi, na lilichangia kuzaliwa kwa mkataba mpya uliotiwa saini na serikali hizo mbili mwaka wa 2016, unaosisitiza mafunzo na ugawaji wa data.

Matunda ya mwelekeo huo yameanza kuonekana. Mei 11, 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Iliundwa kwa ushirikiano na La Sapienza, chuo kile kile alikosomea na kufundisha Broglio. Ilikuwa kisanduku cha sentimita kumi kila upande.

Aprili 15, 2023, Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti ya kuchunguza ardhi na mazao. Iliondokea California, Marekani, juu ya roketi ya kampuni ya SpaceX, zaidi ya miaka 50 baada ya Uhuru kuruka kutoka Ngomeni. Taifa lililokuwa na lango lake baharini lililazimika kupitia mlango wa wengine.

Broglio alifariki Rome mnamo Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Miaka michache baadaye, Shirika la Anga za Juu la Italia lilichukua usimamizi wa Ngomeni na kukipa kituo hicho jina lake. Sayari ndogo mojawapo kati ya zile nyingi zinazozunguka baina ya Mirihi na Mshtarii pia inaitwa Broglio, lakini hiyo haionekani bila darubini kubwa.

Kilichoendelea kufanya kazi ni antena zilizoko nchi kavu. Mwaka wa 2012, NASA iliporusha NuSTAR, darubini nyingine ya eksirei inayozunguka karibu na ikweta, kituo cha Malindi ndicho kilichochaguliwa kupokea data zake. Sababu ilikuwa ile ile aliyoiona Broglio mwanzoni mwa miaka ya sitini: chombo kinachofuata ikweta hakina budi kupita juu ya Kenya.

Na kikipita Malindi, huwa kimeshapita Gusii dakika moja au mbili zilizotangulia.